Historia ya faili lililobadilishwa jina katika Git
Ukibadilisha jina la faili katika Git, programu ya kutunza matoleo ya mradi, historia yake inaweza kuonekana kama imepotea, lakini haijapotea. Andika git log --follow ukifuatisha jina jipya, nawe utaziona pia komiti (hatua za mradi zilizohifadhiwa) za jina la zamani. Git haiweki kumbukumbu ya kubadilishwa kwa jina, hata ukitumia git mv, amri yake ya kubadilisha jina la faili, bali huhifadhi hali ya mradi mzima katika kila komiti, kisha hulinganisha maudhui pale unapoiuliza, na kwa kawaida hukubali kuwa ni faili lilelile yakifanana kwa angalau asilimia 50. Kwa hiyo, tafadhali, usibadilishe jina na kuandika upya sehemu kubwa ya faili katika komiti moja, kwa sababu ufuatiliaji unaweza kukatika hapo. Kwa mujibu wa nyaraka rasmi za Git, --follow hufanya kazi kwa faili moja tu.