Unafungua kabati usiku: ni njaa au ni hamu?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini unakula chakula cha usiku ukashiba, kisha saa moja baadaye unajikuta umesimama mbele ya kabati, hujui kama ni njaa ya kweli au la. Wengi wamekujibu ujizuie. Mimi nilijizuia miaka mingi na haikunifaa kitu, kwa sababu shida yangu haikuwa ulegevu. Nilikuwa siijui njaa yangu mwenyewe.

Nilizoea kula huku nikijibu ujumbe kwenye simu. Siku moja kijiko kikagonga sahani tupu. Chakula kilikuwa kimeisha, na nilichokumbuka ni tonge la kwanza tu. Tangu siku hiyo nikaanza zoezi moja: kabla ya kutia kitu kinywani, natulia kidogo, naweka mkono chini ya kifua na kujiuliza nasikia nini, na nakisikia wapi. Wiki za mwanzo sikusikia chochote, karibu niache. Usiache.

Polepole nikaanza kutofautisha. Njaa ya tumbo hupanda taratibu. Kwangu huanza na utupu mwepesi chini ya mbavu, kisha tumbo hunguruma, kisha mwili hulegea na kazi hainiingii akilini. Tena haichagui, chakula chochote kinafaa. Hamu huja ghafla, hukaa mdomoni na kichwani, na hutaka kitu kimoja tu, mara nyingi chenye sukari au chumvi. Nikijiuliza kama ningekula chakula cha kawaida sasa hivi na moyo ukakataa, nimeshajua ni ipi.

Usiku mmoja nilishika mpini wa kabati nikajikagua kabla ya kuvuta. Meno nimeyakaza, mabega yamepanda, tumbo liko kimya kabisa. Dakika chache kabla nilikuwa nimekwaruzana kwa simu na mtu wa nyumbani. Nikakaa pale pale sakafuni, nikalia, nikaenda kulala. Usiku mwingine nilishika mpini ule ule na tumbo likanguruma kweli, maana mchana nilikuwa nimekula kidogo mno. Nikapakua kwenye sahani, nikakaa mezani, nikala bila kujilaumu. Mlango ni mmoja, saa ni ile ile, lakini mambo ni mawili tofauti kabisa.

Kuelewa mwili unavyofanya kazi kulinisaidia kujisamehe. Homoni ya grelini, ile inayoamsha njaa, ambayo watafiti wa Japani waliitangaza mwaka 1999, hutengenezwa zaidi tumboni. Hupanda kabla ya mlo na kushuka baada ya kula, na huzoea saa zako. Ukizoea kutafuna kitu saa nne kila usiku, mwili utaanza kukidai saa nne. Usingizi nao una mkono wake: nikilala vibaya, kesho yake nashinda natafuta cha kutafuna.

Shibe ndiyo iliyonitoa jasho. Mimi nilijua kuvimbiwa tu, nikadhani ndiko kushiba. Tumbo linapotanuka hupeleka habari kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu, na utumbo hutoa homoni zake chakula kinapofika huko. Ujumbe huo huchukua muda, kwa kawaida husemwa dakika 20 hivi. Nilikuwa namaliza sahani kabla haujafika.

Sasa nafuata ladha. Tonge la kwanza lina ladha kali, harufu imejaa puani. Nikifika katikati natua kijiko, naondoa mkono mezani. Nikirudi kula, mara nyingi naona ladha imefifia, kutafuna kumepungua kasi, na pumzi moja ndefu imenitoka yenyewe. Kwangu hiyo pumzi ndiyo dalili. Njaa imekwisha, tumbo bado jepesi, naweza kuinuka nikatembea. Kuna siku naisikia na bado naendelea kula kwa sababu chakula ni kitamu. Sioni kosa hapo, mradi najua ninachofanya.

Jambo moja nalisisitiza: usisubiri mpaka njaa ikutetemeshe. Nikijipima kutoka 1, njaa ya kuzimia, hadi 10, kuvimbiwa, naanza kula nikiwa 3 au 4. Nikifika 1 nakula kwa pupa, na hakuna utulivu wowote utakaonisaidia hapo. Na anayetumia insulini asiache ratiba yake ya kula eti anasubiri dalili. Vivyo hivyo aliyewahi kujinyima chakula kwa muda mrefu: dalili zake huweza kupotea kwa kipindi, na anahitaji mtaalamu wa kumshika mkono. Nasema hivi kwa sababu naona watu wanashauriana humu kana kwamba miili yote ni sawa.

Kuhusu kabati lako, naomba unijibu kitu kimoja. Siku hizo unazolifungua, mchana unakuwa umekula nini, na saa ngapi? Hukutaja mlo wowote kabla ya ule wa usiku, na mimi ningeanzia hapo.