Kwenda Guangzhou peke yako: usimkabidhi mtu mmoja kila kitu

Mleta mada anakaa Tabata, ana duka la mikoba na viatu vya kike, mtaji ameshaukusanya (sehemu yake ni fedha za kikoba) na anataka kwenda Guangzhou mwenyewe kwa mara ya kwanza. Shemeji yake anamwambia mwanamke haendi China peke yake, ataibiwa au atapotea. Halafu kuna ajenti, Mtanzania anayeishi huko, amejitolea kumpokea uwanja wa ndege, kumlaza kwake, kumtafsiria, kumzungusha sokoni na kumsafirishia mzigo, ili mradi atangulize nusu ya malipo. Anauliza kama ni salama.

Mdogo wangu, shemeji tumweke pembeni kwanza. Nina duka Kariakoo na China huwa naenda peke yangu, Dubai na Istanbul vilevile. Guangzhou si mji wa kukabwa. Simu ninayoikumbatia nikipita Msimbazi jioni, kule naitembeza mkononi saa nne usiku na hakuna anayeigeukia. Wanawake wanaokwenda wenyewe ni wengi kuliko anavyodhani. Panda ndege yoyote ya kwenda kule, iwe ya Air Tanzania au ya kupitia Addis Ababa, utawakuta wamejaa. Hatari ipo, ila ina sura nyingine, na nimeiona kwenye hiyo ofa uliyopewa.

Hebu itazame tena. Kitanda ni chake, lugha ni yake, wauzaji anawajua yeye, godauni ni lake, na hela yako keshaishika. Inawezekana ni mtu mwema kabisa. Je, siku mkitofautiana utasimama wapi? Kuna mama wa mtaani kwetu alisafiri kwa mpango kama huo. Hakuibiwa hata shilingi. Alilala kwa mwenyeji, akazungushwa na mwenyeji, bei ikitajwa kwa Kichina inamfikia kwa Kiswahili imeshanenepa. Siku moja muuzaji akamgeuzia kalkuleta moja kwa moja, namba akaiona kwa macho yake, akahoji. Jioni ile akaambiwa chumba kina mgeni mwingine. Akajikuta barabarani na mabegi, jina la mtaa halijui, laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mwenyeji, na mzigo alioulipia uko godauni la mwenyeji. Akarudi kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Na mimi ningeomba.

Kwa hiyo gawa. Anayekulaza asiwe anayekutafsiria, anayekutafsiria asiwe anayeshika hela, na anayesafirisha mzigo mkutane naye ofisini kwake, upewe risiti. Wakalimani wa kulipwa kwa siku wapo. Ajenti huyo ukimpenda mpe kazi moja tu, nyingine zipeleke kwingine. Akinuna, umeshapata jibu lako bila kulipa kitu.

Kulala kwa mtu kuna tatizo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Sheria ya China inataka mgeni asajiliwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Hoteli inafanya hivyo yenyewe inapoikagua pasipoti yako mapokezi. Ukilala kwenye nyumba ya mtu, wewe au mwenye nyumba ndiye anayepaswa kufanya usajili huo. Wenyeji wengi hawasajili, labda kwa uvivu, labda kwa sababu vibali vyao wenyewe vina walakini. Polisi wakipita kukagua, maana maeneo ya Waafrika kama Xiaobei na Sanyuanli wanayapitia sana, wewe ndiye mwenye kosa. Na ukishakuwa na kosa, hata ukidhulumiwa utaogopa kwenda kulalamika. Lipa hoteli.

Pasipoti tembea nayo, sheria ya kule ndivyo inavyotaka kwa mgeni. Mtu akisema "niachie nikutunzie," hata awe kaka wa kanisani au msikitini, jibu ni hapana. Piga picha ukurasa wa mbele na ukurasa wa viza, zitume kwenye barua pepe yako na kwa mtu wa nyumbani. Ikipotea, unaanzia polisi kuchukua taarifa ya upotevu, kisha Konseli Kuu ya Tanzania, ambayo ipo hapohapo Guangzhou. Ubalozi wenyewe uko Beijing. Na ukialikwa kwenda kutembea Hong Kong, tazama viza yako kwanza. Kama ni ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Hong Kong umeshatoka China kisheria na kurudi hurudi. Mzigo uko Guangzhou, wewe uko ng'ambo unapiga simu.

Usiku wa kwanza ndio wa kuupangia kuliko siku zote zilizobaki. Umekaa kwenye viti saa nyingi, miguu imevimba, kichwa hakifanyi kazi, na ndipo unapotakiwa kufanya maamuzi yote. Ukiweza chagua ndege inayotua mchana. Usipoweza, hoteli iwe imeshalipiwa, na jina lake na anwani yake uwe nazo kwa herufi za Kichina, zimechapwa kwenye karatasi kwa maandishi makubwa. Simu inazima, karatasi haizimi. Pale Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, ukishatoka na begi utawakuta wanaume wanakunong'oneza "taxi, taxi," wengine wanajua hata "mambo." Wapite. Fuata alama hadi kwenye foleni rasmi ya teksi nje, unyooshe karatasi yako, dereva ataisoma na kuitikia kwa kichwa. Hakikisha mita imewashwa.

Na kulipa kuna mchezo wake. Unampa dereva noti ya yuan 100, anaishika, anaipapasa, anakurudishia akisema ni bandia, lete nyingine. Kumbe aliyokurudishia si yako, ameibadilisha chini ya mapaja. Ndiyo maana wazoefu wakitoa noti kubwa usiku hutazama kwanza namba za mwisho. Dawa rahisi zaidi ni kulipa kwa simu. Alipay na WeChat Pay siku hizi zinapokea kadi za Visa na Mastercard za kutoka nje, ila jisajili ukiwa bado Dar na uiarifu benki yako kwamba unasafiri, la sivyo kadi itafungwa ukiwa kaunta. Wale wanaobadilisha dola mitaani Xiaobei, wenye vibegi vya kifuani, wasalimie na upite.

Hela taslimu igawe kama unavyowagawa wasaidizi. Mimi nina taiti ya pamba niliyomshonesha fundi hapa hapa Kariakoo: upande wa ndani, chini kidogo ya kiuno, ameweka mfuko wa zipu unaoingia noti zilizolala bila kukunjwa. Ukivaa gauni au dera juu yake hakuna anayejua, na choo cha ndege ndipo mahali pa kuihesabu, hela haihesabiwi foleni. Kwenye pochi inakaa ya siku hiyo tu. Na usiogope kutangaza fedha forodhani. Ukitoka Tanzania na zaidi ya dola 10,000 unatakiwa kutangaza, na China wanataka utangaze ukiingia na zaidi ya dola 5,000. Wengi huficha wakidhani wakitangaza watapigwa. Ile karatasi ndiyo ushahidi kwamba hela ilikuwepo na ni yako.

Mawasiliano sasa. WhatsApp, Google na Facebook zimefungwa kule. Sakinisha WeChat ukiwa nyumbani, maana kusajili akaunti mpya mara nyingine wanadai mtu mwenye akaunti akuthibitishe, na huyo mtu umtafute hapa. Mtu wako wa nyumbani naye awe nayo. Laini yako ya Tanzania ikiwa na huduma ya kutumika nje hupitisha WhatsApp kama kawaida, kwa hiyo usiitoe kwenye simu hata kama bando lake ni ghali. Utaihitaji pia kwa namba za siri za benki.

Mimi na mdogo wangu wa nyumbani tuna utaratibu: saa kumi na mbili jioni ya kule, ambayo hapa ni saa saba mchana, natuma ujumbe. Usipofika mpaka usiku anapiga hotelini, na kesho yake asubuhi anapiga konseli. Hana haja ya kuamua wala kuona aibu kwamba anasumbua, tulishakubaliana. Tuna na swali letu: nikimuuliza "kuku wamekula?" ajue siwezi kuongea kwa uhuru. Kwetu hatujawahi kufuga kuku. Sijalazimika kulitumia, isipokuwa siku moja shangazi alisikia tukilifanyia mazoezi akatuuliza banda liko wapi.

Jambo la mizigo ya watu nitalisema bila kupamba. Terminal ya tatu pale Julius Nyerere, kwenye foleni ya mizigo, nilisogelewa na dada mwenye mtoto mgongoni. Kilo zake zimezidi, ana kifurushi cha dagaa na unga wa muhogo cha ndugu yake aliyeko Guangzhou, nimsaidie, ndugu atanipokea. Kifurushi kimefungwa kwa gundi ya karatasi pande zote. Nikamwambia siwezi, akaniita mchoyo mbele ya watu, foleni nzima ikanitazama. Sijui kilichokuwemo, huenda kweli ni dagaa. Lakini mwaka 2013 padre wa magereza ya Hong Kong, John Wotherspoon, alizitoa hadharani barua za wafungwa Watanzania waliokamatwa na dawa za kulevya, wakiwasihi wenzao wa nyumbani wasidanganyike kubeba. Kwa sheria ya China, gramu 50 za heroini zinatosha kukufikisha kwenye adhabu ya kifo. Aibu ya foleni inaisha ukishapita mlango. Begi lako lifunge mwenyewe, na wakati wa kurudi pia usipokee "zawadi ya mama" ya mtu uliyefahamiana naye juzi.

Usumbufu wa wanaume upo, tena zaidi kutoka kwa Waafrika wenzetu kuliko kwa Wachina. Ukiulizwa umefikia hoteli gani taja eneo, jina usitaje. Ukiulizwa uko na nani, mume yuko chumbani amelala. Mlango ukigongwa, piga mapokezi kabla ya kufungua. Basi, mengine unayajua, umekulia Dar.

Afya: beba dawa mseto kwenye boksi lake lenye maandishi. Ukipata homa ukiwa kule au ukiwa njiani, sema mapema kwa daktari kwamba unatoka nchi yenye malaria, kwa sababu kwake si ugonjwa wa kwanza kuufikiria, na malaria haisubiri. Gari la wagonjwa ni 120, polisi 110. Ukiunganisha ndege Dubai na unatoka nje ya uwanja, acha nyumbani dawa za maumivu zenye tramadol au kodeini kama huna kibali chake. Wenzetu wale hawatanii. Bima ya safari kata, ile ya kawaida ya hapa haikutibu huko.

Istanbul utakwenda siku moja ukishanogewa, kwa sababu nguo za Laleli zina wateja wake hapa. Kule mtu mwenye kisanduku cha kung'arisha viatu atakupita, brashi yake itadondoka kama bahati mbaya. Ukiiokota umpe, atakushukuru kwa kukung'arishia viatu kwa nguvu, kisha anataja bei. Iache ilipo, ataiokota mwenyewe.

Sasa suala la kutanguliza nusu. Usitume. Mwambie ajenti utamlipa kwa siku, mkononi, baada ya kazi ya siku hiyo, na kwamba hoteli umeshapata. Kama anakusisitizia hela itangulie kwa sababu "nafasi zinajaa," hakuna nafasi inayojaa: China watu wamejaa, wakalimani wamejaa. Kinachojaa kweli ni hoteli wakati wa maonesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya hapo Guangzhou, Aprili hadi mwanzo wa Mei na Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, bei zinapanda vibaya. Na mwaka mpya wa Kichina viwanda vinafungwa, usijipeleke. Kwa mikoba na viatu nenda Juni au Septemba. Tarehe ukizipata ziandike hapa, nitakuelekeza jengo gani uanzie na nani umuulize bei ya kusafirisha, watu wawili tofauti.