Mletee Kitakachoisha

Mwaka jana tulimhamisha Mama kutoka nyumba ya vyumba vinne kwenda ya viwili, hapo hapo Morogoro mjini. Kirikuu tulikodi, na dereva alishatuambia mapema kwamba anahesabu kwa tripu. Tulipofika kwenye kabati la vyombo kazi ikasimama. Nilitoa chupa za chai 11. Saba zilikuwa bado kwenye maboksi yake, moja na utepe juu. Ya 12 ilikuwa jikoni, imebonyea ubavuni, mfuniko umekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hiyo ndiyo anayotumia.

"Mama, hizi zote nani kaleta?"

"Nyie," akajibu, wala hakugeuka.

Na kweli ni sisi. Kila Idi, kila mshahara wa kwanza. Dada alikwenda kujifungulia kwake, akamaliza arobaini, akamshukuru kwa chupa ya chai. Mimi nimemletea mbili kwa miaka tofauti, na siku naleta ya pili sikuikumbuka hata ile ya kwanza. Saa za ukutani na seti za glasi sizihesabu hapa, nitajiaibisha zaidi.

Toka siku ile, mtu mzima mwenye nyumba yake nampelekea kitu cha kula, cha kupaka, cha kuogea au cha kuwasha. Kitu kiishe. Ila kwetu jambo hili lina mtego wake, na niliuingia mapema. Nilimpelekea wifi yangu mchele kilo 5 kwenye mfuko ule ule wa dukani. Akaupokea kwa mikono miwili, akaniangalia, akasema, "Wifi, nani kakwambia huku tunalala njaa?" Alicheka, lakini hakuwa anatania sana.

Nimeliwaza sana hili. Kwenye msiba hakuna mtu anayeleta saa ya ukutani. Tunaleta sukari, maharage, mkaa, mafuta, na kuna mtu kakaa na daftari anaandika nani kaleta nini, wala hakuna anayeona kadharauliwa. Ikifika harusi akili ile ile tunaiacha nyumbani, tunapanga foleni na maboksi. Kwa sababu chakula nje ya msiba kinanuka msaada.

Dawa niliyoipata ni ndogo: kitu kiwe na kwao. Ukisema "nimekuletea mchele," umeleta msaada. Ukisema "nimekuletea mchele wa Kyela," umeleta zawadi, na jioni ile ile mwenye nyumba atawaambia majirani wanusie sufuria. Dagaa wawe wa Kigoma, asali iwe ya Tabora. Mwenye ndugu Bukoba aagize senene msimu wao ukifika, atapendwa mpaka aombe apumzike. Ukipita barabara ya Iringa, basi likisimama Ruaha Mbuyuni nunua vitunguu pale pale dirishani. Kitunguu kilichosafiri nawe saa sita kina heshima ambayo cha sokoni Kariakoo hakina, hata kama vimetoka shamba moja.

Na usitumie mfuko wa dukani. Mimi naweka kwenye ungo au kikapu cha ukili, maana hivyo navyo vinatumika mpaka vichakae.

Asali nayo ina somo lake. Ya kwanza nilimpelekea Mama kwenye dumu la lita 5, mdomo mwembamba. Ikafika Juni, baridi ya Morogoro ile, asali ikaganda ikawa nyeupe kama samli. Akanipigia: "Umeuziwa sukari, mwanangu." Haikuwa sukari ya kuchanganya. Asali halisi huganda yenyewe, glukosi yake hujitenga ikawa chembechembe, na ukiweka chombo kwenye maji ya moto kiasi, bila kuchemsha, inarudi kuwa laini. Lakini dumu lile halikuingia kwenye sufuria yoyote, na kijiko hakikupita mdomoni. Alikuwa akiipata kwa mwiko wa kusongea, ule mpini wake, tone kwa tone. Siku hizi nanunua kwenye ndoo ndogo yenye mdomo mpana.

Jambo moja sina utani nalo: nyumba yenye kichanga usipeleke asali ukaiacha hivi hivi, maana bibi atamlambisha mtoto. Aliye chini ya mwaka 1 hatakiwi hata ncha ya kidole, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo lake halijaweza kupambana nazo, na ugonjwa wake ni wa hatari. Mzazi mpelekee ulezi wa uji, kuku wa supu, au pampasi. Za saizi inayofuata, siyo ya leo. Za leo wengine wote wameshaleta.

Kwa watu wa karibu kabisa nina zawadi mbili ambazo hazina hata haja ya kufungwa. Ya kwanza ni gesi: unachukua mtungi wake mtupu, unaurudisha umejaa. Nyumba haijaongezeka kitu hata kimoja. Ya pili ni umeme. Namba ya mita ina tarakimu 11, ihifadhi kwenye simu yako. Siku ya Idi unanunua, unamtumia zile tarakimu 20, basi. Ila ukiwa wa kwanza kununua mwezi huo usishangae uniti kupungua, maana tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye Luku.

Na uliza afya kabla ya kununua. Nilitoka Pemba na halua ya Wete, nimeipakata kwenye boti kama mtoto, nikamfikishia baba mkwe. Sukari, samli, hiliki. Mzee ana kisukari mwaka wa tatu, na mimi nilikuwa najua. Aliifungua, akainusa, akaniombea dua ndefu, kisha akawaita wajukuu.

Lipo moja sikulitegemea. Vinavyoisha navyo huacha vyombo. Miezi michache tu nyumba mpya ya Mama ikawa na madumu na ndoo tupu chini ya meza, nikaona tunarudi kule kule kwenye kabati. Nikaamua kila nikienda nichukue vyombo vyangu. Mwezi uliopita nikaingia, "Shikamoo Mama, nimefuata ndoo ya asali."

"Marahaba. Iko hapo nyuma ya mlango."

Niliinyanyua nikijua ni tupu, nusura initegue mkono. Maharage, yamejaa mpaka juu.

"Ya Mgeta hayo," akasema.