Swali la lugha: Je, mkemia "amevumbua" dawa ya saratani?

Msomaji ametuandikia hivi: "Nimekutana na kichwa cha habari kisemacho 'Mkemia avumbua dawa ya saratani'. Kumbe ndani ya habari yenyewe mtafiti huyo ametengeneza 'misombo hai' mipya, nayo imejaribiwa kwenye seli za maabara tu. Je, kitenzi 'avumbua' ni sahihi hapo? Na 'misombo hai' ndiyo nini?"

Kisarufi sentensi haina kosa. Shida iko kwenye maana, na katika habari za ugonjwa huu maana ikiteleza kuna anayeumia, kwa sababu mgonjwa na jamaa zake nao wanasoma.

Kugundua ni kukijua kitu ambacho tayari kipo. Kuvumbua kunakaribiana nako sana, ingawa siku hizi tunakutumia pia kwa chombo kilichobuniwa, kama simu au injini. Mkemia wa habari hii hakufanya lolote kati ya hayo: ameunganisha kemikali sahili, hatua kwa hatua, hadi akapata kampaundi (msombo) changamano. Kazi hiyo inaitwa usanisi, na kitenzi chake ni kusanisi. Neno si geni, kila aliyesoma sayansi shuleni analikumbuka katika usanisinuru, yaani mmea kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya ukaa kwa nguvu ya mwanga.

Historia ya paklitakseli, dawa ya kutibu saratani, inaonyesha vizuri tofauti ya vitenzi hivi. Gamba la mti wa Taxus brevifolia lilikusanywa nchini Marekani mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani wakaitenga kampaundi iliyomo, na mwaka 1971 wakatangaza muundo wake. Hao waligundua. Mwaka 1994 kundi la Robert Holton na lile la K. C. Nicolaou, kila moja kwa njia yake, yakaijenga kampaundi hiyohiyo maabara bila kutegemea mti. Hao walisanisi. Ukiandika "walivumbua" kwa wote wanne, umefuta tofauti ya kazi zao.

Sasa neno dawa, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Paklitakseli iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya ovari, miaka 30 tangu gamba lilipokusanywa. Katikati hapo ilikuwa kampaundi inayochunguzwa. Kuua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara hakutoshi kuipa kampaundi jina la dawa, maana hata spiriti inaua seli. Kinachotafutwa ni kitu kinachoshambulia seli za saratani na kuziacha nzima seli zenye afya kadiri inavyowezekana, na hilo hujulikana baada ya majaribio kwa wanyama na kisha kwa watu, awamu baada ya awamu.

Wapo wanaoandika "dawa tarajiwa". Siipendi. Bwana harusi mtarajiwa, kwa kawaida, tumeshaipanga na siku ya harusi yake, kwa hiyo neno hilo linaahidi mno. Kiswahili kina njia nyepesi na ya kweli zaidi: huenda zikawa dawa, au zinachunguzwa kama zinaweza kuwa dawa. Angalia pia kutibu na kuponya. Daktari anaweza kumtibu mtu asipone. Basi, "yaponya saratani" isiandikwe pale ambapo mtafiti mwenyewe hajasema hivyo.

Kuhusu "misombo hai": mwandishi ameazima neno la kilimo hai akalipeleka kwenye kemia, ambako halifai. Kwa Kiingereza vyote viwili huitwa "organic", lakini katika kemia kundi la misombo hii halihusu uhai bali kaboni. Mkemia Friedrich Wöhler alitengeneza urea, kemikali iliyomo kwenye mkojo, maabara mwaka 1828 bila figo wala mnyama, na bado urea imo katika kundi hilo. Andika kampaundi za kikaboni, au misombo ya kikaboni, mradi usichanganye istilahi mbili katika makala moja. Kampaundi inafuata ngeli ya I-ZI: kampaundi hii, kampaundi hizi. "Makampaundi" haihitajiki.

Kichwa cha habari hiyo ningekiandika hivi: "Mkemia asanisi kampaundi mpya, huenda zikawa dawa za saratani".