Nota za gitaa la mawimbi: zinapatikana wapi, na utajuaje kama ni sahihi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisa hapa Nkuhungu, Dodoma. Nimeupenda sana muziki wa gitaa wa California wa miaka ya 1960, ule usio na mwimbaji ambao wenyewe wanauita surf, yaani muziki wa mawimbi. Solfa nasoma vizuri, nota za mistari mitano kidogo tu. Nimetafuta nota za "Walk, Don't Run" kule tunakopakua nyimbo za kwaya nikakosa. Tablatura (maandishi ya gitaa yanayotumia namba za freti) mbili nilizozipata bure mtandaoni hazipatani, na nikizipiga hazifanani na rekodi niliyonayo. Zilizo sahihi zinapatikana wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza swali ambalo wapiga gitaa wengi hulikwepa kwa kukariri video, na nimefurahi kwamba wewe unataka kusoma.

Kule kwenye nyimbo za kwaya usingepata. Tovuti ya Swahili Music Notes imejaa nota za kwaya za Kikatoliki kwa sababu watunzi wake wanataka ziimbwe parokiani. Muziki unaoutafuta wewe ulitolewa kibiashara miaka ya 1960 na bado una wenyewe kisheria. Hata IMSLP, maktaba kubwa ya nota za bure, haitakufaa hapa. Pale utawakuta akina Bach na Mozart, ambao kazi zao zimekwisha muda wa hakimiliki.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Muziki huu ulikua masikioni kuliko kwenye karatasi. The Chantays, bendi iliyotoa wimbo wa "Pipeline", walikuwa vijana wa sekondari, na vijana wa namna hiyo walijifunza kwa kurudia santuri mpaka vidole vikubali. Kwa hiyo tablatura nyingi unazoziona leo ni kazi ya mtu aliyekaa chini baadaye, akasikiliza, akaandika alichosikia. Mwingine ana sikio zuri, mwingine alikuwa na haraka. Kabla hujaipa tablatura yoyote dakika kumi za vidole vyako, iulize: umetoka kwenye rekodi ipi?

Kwa wimbo wako swali hilo ndilo linalofungua kila kitu. "Walk, Don't Run" aliutunga Johnny Smith, mpiga gitaa wa jazi, akaurekodi mwaka 1954. Mpiga gitaa mwingine, Chet Atkins, akaupiga kwa vidole, kwa mtindo wake. Bendi ya The Ventures wakausikia kwa Atkins, wakaurahisisha, wakautoa mwaka 1960. Halafu mwaka 1964 walewale The Ventures wakaurekodi upya, safari hii ukiwa na sauti ya mawimbi hasa, wenye mwangwi mzito. Rekodi hizo mbili za The Ventures zote zilipendwa sana Marekani, na zote zina watu walioziandika. Inawezekana kabisa kwamba tablatura zako mbili hazigombani. Moja ni ya 1960, nyingine ya 1964. Tazama kwanza rekodi yako ni ya mwaka gani.

Sasa mahali pa kutafuta. Ukiwa na fedha kidogo, nunua. Kampuni ya Hal Leonard imechapisha vitabu vya gitaa la mawimbi vyenye nota na tablatura sambamba, na baadhi huja na sauti ya kupigia pamoja nayo. Ukitaka wimbo mmoja mmoja, tovuti za Musicnotes na Sheet Music Direct huuza nakala ya kuchapa mwenyewe. Malipo ni kwa kadi, na baadhi ya huduma za pesa za simu hapa nchini hukutengenezea kadi ya mtandaoni kwa kazi hiyo. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa mfano uone kama kweli ni mpangilio wa gitaa. Nota nyingi za nyimbo zilizopendwa hupangwa kwa piano, na ukishalipa ndipo unagundua kwamba tablatura haimo.

Kwa upande wa bure, mimi ningeanza na tovuti ya Songsterr, kwa sababu inakuchezea kile unachokisoma na unaweza kutazama solo, rizimu na besi kila moja peke yake. Tovuti ya Ultimate Guitar ina wingi wa matoleo kuliko pengine popote, lakini nyota zinazotolewa na wasomaji zisikupumbaze: nyota nyingi huonyesha tu kwamba wengi wamependa. Ukipata faili la Guitar Pro, programu ya kuandikia tablatura, lifungue kwa TuxGuitar, programu ya bure. Unapotafuta, andika jina la wimbo na jina la bendi, la sivyo utaletewa kila aliyewahi kuuiga.

Hapa ndipo solfa yako inapokupa faida ambayo hujaiona bado. Tablatura ya maandishi ya kawaida, ile ya mistari sita na namba za freti (mstari wa chini ndio uzi mnene), inakueleza kidole kikae wapi, haikuelezi kwa muda gani. Vile vistari katikati ya namba havihesabu pigo. Solfa inafanya kinyume: nukta mbili na mistari ya kusimama hukutenganishia mapigo, hukuonyesha pa kushikilia na pa kunyamaza, wala haikuambii uzi upi. Kwa hiyo chukua daftari, nakili tablatura, kisha juu ya kila kipande andika solfa yake kutoka kwenye rekodi. Ukimaliza unazo habari zote mbili. Sauti ikikupita upesi, iweke kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nayo ni ya bure, upunguze mwendo bila kushusha tuni. Kama gitaa lako limetuniwa vizuri lakini bado halikai na rekodi, usibabaike. Rekodi nyingine za zamani zimesogea kidogo kutoka tuni ya leo. Tuni gitaa lifuate rekodi.

Chukua mwanzo wa "Walk, Don't Run" kama mfano. Kodi zinashuka: A ndogo, G, F, E. Mwanakwaya anasikia nini hapo? La, so, fa, mi. Imba hivyo mara mbili tatu bila gitaa. Baada ya hapo tablatura yoyote ambayo mizizi ya kodi zake haitelemki la-so-fa-mi kwenye ufunguo huo, ama imehamishwa ufunguo au imekosewa, na wewe utajua kabla hujagusa uzi.

Kuna vitu karatasi haibebi hata ikiwa sahihi. Mkono wa kulia ndio roho ya muziki huu: piki inakwenda chini na juu bila kukoma, karibu na pale nyuzi zinapofungwa, sauti itoke kali na ngumu. Mahali pengine ubavu wa kiganja unaziba nyuzi kidogo, na tablatura nyingi husahau kuandika hivyo. Kwenye "Pipeline" kosa hilo linaharibu wimbo mzima. Nyuzi nazo ziwe nene, seti ya 011 (unene wa uzi mwembamba kuliko zote) kwenda juu ukiweza, maana nyembamba huyumba ukizichapa. Na kiangazi cha Dodoma kikikausha hewa, shingo ya gitaa husogea. Tuni kila unapoanza.

Sauti yenyewe inatoka kwenye riverbu ya springi, yaani mwangwi unaotengenezwa na springi za chuma. Fender walianza kuuza boksi lake la riverbu mwaka 1961, na likawa alama ya muziki huu. Mikseta ya kanisani ina mwangwi wa ukumbi, ambao ni kitu kingine. Ukiwa na pedali yenye chaguo la springi, tumia hilo, na uondoe mkwaruzo wote. Mtu asikuambie kwamba huwezi kuupiga ukiwa mbali na bahari: bendi ya The Astronauts walitoka Boulder, Colorado, bara kabisa chini ya milima, na "Baja" yao ya 1963 ni kati ya rekodi bora za aina hii.

Maliza "Walk, Don't Run", kisha nenda "Pipeline", ambayo iko kwenye E ndogo na itakufundisha kuziba nyuzi. "Apache" ya The Shadows ni ya Uingereza na si ya mawimbi hasa, lakini nota zake zimeandikwa kwa uangalifu na watu wengi, kwa hiyo ni mazoezi mazuri ya kusoma. "Misirlou" iache mwisho. Mpiga gitaa Dick Dale, ambaye upande wa baba alikuwa na asili ya Lebanoni, aliichukua kutoka kwenye nyimbo za zamani za mashariki ya Mediterania akaitoa mwaka 1962 kwa kasi ya kutisha, sehemu kubwa ya mwanzo ikiwa kwenye uzi mnene peke yake. Sauti zake kwenye uzi huo ni freti 0, 1, 4, 5, 7, 8 na 11. Kwa solfa, ukiita C do: mi, fa, se, la, ti, do, kisha re iliyopandishwa nusu. Ule mruko wa fa kwenda se ndio utakaokusumbua. Uimbe polepole kwanza, kisha mwombe mpiga ngoma wa kwaya akushikie pigo moja lisilobadilika, na usiongeze mwendo mpaka piki yako iwe inatoa sauti sawasawa ikishuka na ikipanda.