Kudarizi Kitambaa Kimoja Kila Mtu Akiwa Kwake

Wanaokaa ndani bila kupenda ni wengi. Mzazi yuko kwenye arobaini, mjane yuko kwenye eda ya miezi 4 na siku 10, mgonjwa wa kifua kikuu ndiyo kwanza ameanza dawa, ndugu wa huko Bahi, mkoani kwetu Dodoma, amezuiwa na korongo lililojaa Februari. Kudarizi kunawafaa kwa sababu ni kazi inayogawanyika: kila mmoja anashona kipande nyumbani kwake, kisha vipande vinaunganishwa kuwa kitambaa kimoja cha kutundika ukutani. Kinachoiua kazi hii ni vipande kurudi vikiwa havilingani, vikaishia kwenye boksi. Ndiyo maana tunasisitiza: katikati ya kipande mwachieni mshonaji, ila pembeni msimwachie.

Kitambaa chote kitoke kwenye jora moja, kikatwe na mtu mmoja. Mkimwambia kila mtu atafute chake, mtapata pamba tupu, pamba iliyochanganywa na poliesta, na kipande cha shuka kuukuu. Siku ya kufua kimoja kitajikunja, kingine kitakataa, na mshono utakunjamana kote. Kwa watu 24, nunueni mita 2 na robo tatu za pamba nyeupe ya upana wa sentimita 150. Kama maduka ya Majengo, mjini Dodoma, yana ya sentimita 115 tu, chukueni mita 3 na robo tatu. Fueni, anikeni, pigeni pasi, ndipo mkate. Pamba mpya ikiingia majini hurudi nyuma, na ni heri irudi kabla ya sindano kuliko baada yake.

Kateni miraba ya sentimita 34 kwa 34 kwa kufuata kipimo cha boksi gumu. Kitambaa kipana kitatoa 28, hivyo mna 4 ya akiba. Kwenye kila mraba chora kwa penseli mraba wa ndani wa sentimita 26. Mshonaji asivuke mstari huo. Wino wa kalamu usitumike, kwa kuwa ukiguswa na maji husambaa na hautoki tena. Mbona 34, wakati kipande kilichokamilika kitakuwa 30? Kwa sababu uzi huvuta kitambaa, na mraba uliojaa mishono hupungua hata sentimita nzima. Ziada hiyo ndiyo itakayowaokoa.

Kwenye bahasha ya kaki wekeni mraba, sindano yenye tundu refu, na rangi 2 za pamoja, mita 4 kwa kila rangi. Sisi tunapenda nyeusi na nyekundu ya udongo, kwani ndiyo rangi ya ardhi ya huku. Kitita cha uzi wa kudarizi kwa kawaida kina mita 8, kwa hiyo vitita 12 vya kila rangi vinatosha watu wote. Rangi nyingine kila mtu ajichagulie, lakini asitumie uzi wa sweta: mwingi si pamba, na pasi ya moto huuyeyusha. Nyekundu ipimwe mapema. Lowesha uzi, ubane ndani ya kitambaa cheupe, piga pasi. Ikiacha alama, msiitumie.

Maelekezo ya mshonaji yawe mafupi. Uzi una nyuzi 6 nyembamba; achambue 3. Akate urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, maana mrefu zaidi hujifunga na kuchakaa. Upande wa nyuma asiruke zaidi ya sentimita 2 kutoka ua moja hadi jingine. Akate, aanze upya. Baridi kavu ya Juni na Julai hupasua vidole na vidole hunasa uzi, basi apake mafuta usiku, si kabla ya kushika kazi. Vumbi la kiangazi ni adui wa kitambaa cheupe. Akipumzika akikunje ndani ya khanga safi.

Kuhusu maradhi, tofautisheni. Kifua kikuu huenea kwa hewa, si kwa nguo, kwa hiyo kipande cha mgonjwa hakina sababu ya kukataliwa, na kukikataa ni kumtenga mara ya pili. Mpox ni jambo jingine: huweza kupita kwenye vitambaa, hivyo mgonjwa asubiri apone kabisa ndipo apewe.

Toeni wiki 3, kisha muombe picha ya kipande kikiwa nusu, futi kamba ikiwa juu yake. Picha hiyo moja huonyesha waliovuka mstari wakati bado wanaweza kufumua.

Vikirudi, pigeni pasi mkivilaza kifudifudi juu ya taulo ili mishono isibonyee. Kateni kila kimoja kibaki 32, mkipima kutoka katikati ya mchoro, si kutoka ukingoni. Shoneni safu 6 za vipande 4, mshono wa sentimita 1. Safu ya kwanza ukingo wa mshono kwa nyuma ulazwe kulia, ya pili kushoto. Zikikutana hazitafanya nundu. Kitambaa kitakuwa sentimita 120 kwa 180. Kwa mgongo tumieni shuka la pamba. Khanga moja haitoshi, na ukiunga mbili unakata jina lake. Fungeni fundo kwenye makutano 15 ya ndani ili tabaka mbili zisicheze, na mtundike mbali na dirisha, kwa kuwa jua la Dodoma hufifisha rangi.

Kipande kikirudi kimeishia njiani, kwa kuchoka au kwa msiba, msimpe mtu mwingine akimalizie. Kiingie kama kilivyo, mstari wa penseli ukionekana, na jina la mwenyewe lishonwe nyuma yake kama ya wengine.