Ukitaka Kutafiti Tabianchi na Afya, Anza na Rejista

Vijana wanaotaka kuingia katika utafiti wa mabadiliko ya tabianchi na afya ya binadamu huniuliza kwanza wajifunze programu gani ya takwimu. Mimi huwashauri waanze na rejista za wagonjwa, kwa sababu takwimu za hali ya hewa mara nyingi hutufikia zikiwa zimeshakaguliwa na kupangwa siku kwa siku, ilhali zile za afya huja na mazoea yote ya watu waliozijaza.

Nafasi iliyoachwa wazi katika rejista huweza kumaanisha kwamba siku hiyo hakuja mgonjwa, au kwamba karani hakuwapo kazini, na kompyuta haiwezi kukuambia ni lipi. Nimeona idadi ya wagonjwa wa malaria ikiporomoka katika mwaka ambao mvua haikubadilika wala joto. Kilichobadilika ni kwamba kituo kilianza kutumia kipimo cha haraka, na homa zilizokuwa zikiitwa malaria kwa kukisia zikaacha kuhesabiwa. Asiyeuliza angeweza kuiandikia tabianchi makala nzima, tena ikachapishwa.

Joto nalo hujificha. Wimbi la joto lililoikumba Ulaya mwaka 2003 liliua watu zaidi ya 70,000, lakini ni nadra cheti cha kifo kutaja joto, kwa kuwa wengi huandikiwa maradhi ya moyo, kiharusi au mapafu ambayo joto limeyazidisha. Ndiyo maana hesabu hufanywa kwa kulinganisha vifo vilivyotokea na vile ambavyo vingetarajiwa katika kipindi kama hicho.

Athari za joto kali huonekana siku hiyohiyo au siku chache baadaye. Mvua huchukua wiki kadhaa hata miezi kabla ya kuonekana katika malaria, kwani mbu sharti azaliane na vimelea vikomae ndani yake. Isitoshe, maambukizi hufikia kilele karibu na nyuzi joto 25 za Selsiasi, kisha hupungua. Basi anayedai kwamba joto likipanda malaria itaongezeka kila mahali, mwulize anaanzia nyuzi ngapi.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba takwimu, omba kukaa na karani wa kumbukumbu. Mchango wake ukiwa mkubwa, jina lake liwe miongoni mwa waandishi wa makala. Wapo wenzangu wanaolipinga hilo; mimi silioni tatizo.